Nilivyolala Mbele ya Mama Mkwe Wangu

Rafiki zangu, mmeniuliza mno. Kila nikikaa mahali kunywa munkoyo, mtu ananisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nililala mbele ya mama mkwe wangu, ndani ya lori, mchana kweupe. Wengine hata hawaulizi, wanacheka tu na kutazamana. Najua habari ilitoka wapi. Ilitoka kwa Kasongo, dereva mwenzangu, na Kasongo hakudanganya. Tatizo lake ni kwamba aliona robo saa ya safari ya siku saba, akarudi mjini kuisimulia kama mtu aliyekuwapo toka mwanzo.

Basi nimechukua daftari, nitaandika mara moja tu. Mpeane msome, kisha mniache. Habari za ruhusa, mihuri na barua za tajiri nitaziruka, maana tangu Katanga ijitangaze nchi yake yenyewe kila mtu ana karatasi mfuko mzima, na sijaona bado karatasi iliyomfupishia mtu njia.

Elisabethville hadi Minga

Mnajua kwamba mke wangu Elena alikuwa mjamzito, na mnajua pia kwamba mtoto wetu wa kwanza hakumaliza siku moja duniani. Mara ile ya kwanza aliyemsaidia kuzaa alikuwa jirani yetu Mama Ntumba, mtu wa Kasai, mwanamke mwenye mikono mizuri na maneno machache. Mwaka huu Mama Ntumba hayupo. Yeye na jamaa zake walirushiwa mawe juu ya bati usiku mbili mfululizo, wakafunga vitu vyao wakaenda kambi ya wakimbizi na Wakasai wenzao. Hospitali iko upande wa pili wa mji, na njia ya kwenda huko hufungwa kila milio ya bunduki inaposikika.

Tajiri wangu Mgiriki aliponiambia niende Pweto kuleta samaki wakavu, Elena alinishika mkono mlangoni.

"Simoni, miye siwezi kuzala peke yangu tena. Kwa vile unaenda Pweto, uniletee mama."

"Nitamuleta."

"Usiseme tu nitamuleta. Umulete mbele ya mutoto kufika."

Nikaahidi. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu, ndugu zangu. Samaki walikuwa mali ya Mgiriki.

Sasa sikieni kosa la kwanza, maana yote yalianzia hapo. Jumamosi na Jumapili tulikuwa kwenye kilio cha Petro, dereva wa miaka mingi aliyekufa kwa homa. Kwetu dereva akifa, madereva wenzake ndio wanaokesha nje karibu na moto mpaka kuzika, na anayetoroka kwenda kulala nyumbani husemwa mwaka mzima. Sikutoroka. Jumatatu asubuhi nilitoka kwenye mkeka wa kilio, nikanawa uso kwenye pipa la maji, nikawasha lori. Nilijiambia nitalala njiani.

Nilipofika Minga, mwanamke mmoja aliyetoka Lukafu kuuza munkoyo na mihogo ya kuchemsha aliniuliza kama daraja la mbao limetengenezwa. Nilimtazama. Nilikuwa nimelipita daraja hilo muda si mrefu, lakini kichwani sikulikuta. Sikukuta daraja, wala kijiji, wala mti. Nilikuwa nimeendesha karibu saa nzima na sikuwa na kumbukumbu ya kitu hata kimoja.

"Iko muzuri," nikamwambia, kwa sababu nilikuwa nimefika na magurudumu yote.

Minga hadi Pweto

Upande huu sitaumaliza wote. Vizuizi vya askari vilikuwa vitatu, na cha tatu kilituweka mchana na usiku. Hakuna aliyejua kizuizi kingefunguliwa lini. Kilifunguliwa walipotaka wao, na gari ambalo dereva wake amesinzia lilipitwa na yote yaliyo nyuma yake. Kwa hiyo madereva tulikaa wima kwenye viti vyetu, macho yametutoka.

Nilikuwa na abiria mmoja, katekista mnene aliyekuwa anarudi Kilwa. Aliniona ninavyoyumba, akasema ataniimbia nisilale. Aliimba ubeti wa kwanza kwa sauti nzuri sana. Ubeti wa pili aliuimba polepole. Wa tatu sikuusikia, na nilipogeuka nilimkuta amelala kinywa wazi, kitabu kifuani. Nilimwonea wivu mpaka nikakasirika.

Nilijaribu kila kitu ambacho madereva hufundishana. Nilitafuna pilipili, nikapata kinywa kinachowaka na usingizi uleule. Nilikunywa kahawa nyeusi, mikono ikatetemeka na macho yakaendelea kufunga. Nilitoa kichwa dirishani nipigwe na upepo, nikala vumbi. Niliongea peke yangu, kisha nikajikuta nasikiliza jibu. Vyote hivyo vinakudanganya kidogo tu. Unajiona umeamka, na unajisifu, na papo hapo gurudumu la kushoto liko majanini.

Pweto, kwa wakwe

Nilifika Pweto Jumatano jioni nikiwa hoi. Nilitaka kitu kimoja tu. Lakini mkwe akifika, ni mkwe amefika.

Kwa wale mliokulia mjini mkasahau, niwakumbushe. Mimi na mama mkwe wangu tulikuwa hatujafanyiwa bado ile sherehe ya kufunguliana. Ingefanywa mtoto wa kwanza alipozaliwa, na mtoto hakuishi. Kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa hatuongei uso kwa uso, hatuli tukionana, hatugusani hata kidole, na hatulali mahali pamoja. Jina lake silitamki, na hapa pia sitaliandika. Tukiwa na la kuambiana, tunalisema kwa kitu kilicho katikati, mtoto au mbuzi au mlango, na mwenzako analisikia humo.

Walinipeleka nyumba ya mjomba wa Elena. Nililetewa kuku, samaki wabichi wa ziwani, bukari, ugali wetu, nyeupe ya moto, na nikala ndani na mjomba, mlango umefungwa. Mama mkwe nilimwona mgongo tu, mwanamke mfupi mwenye kitenge cha kijani, anachechemea mguu wa kulia. Alipita nyuma ya nyumba amejifunika kichwa.

Kisha wazee wakaja kunisalimu. Walitaka habari za mjini, za askari wa Umoja wa Mataifa wa kofia za buluu, za bei ya chumvi. Mmoja akiondoka, wawili wanaingia. Nilipopiga mwayo, mjomba alinigusa goti.

"Bukwe, usilale mbele ya bazee. Batasema bibi yako anakuchosha."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, machozi ya usingizi yakinitoka. Tulikaa hivyo mpaka majogoo, na kabla jua halijatoka watu wa samaki wakaja kupakia, kwa sababu samaki wakavu hawapendi kupakiwa joto limeshapanda. Alhamisi ikapita kwenye kupakia, kupima na kugombana. Jioni wazee wakarudi. Siwalaumu, waliniheshimu kwa kila walichokuwa nacho.

Pweto hadi Kilwa

Ijumaa tuliondoka. Mama mkwe alikaa juu ya magunia ya samaki pamoja na wanawake wawili wafanyabiashara, na kuku mmoja jike, mwekundu, wa supu ya Elena atakapokuwa amejifungua. Mpango ulikuwa mzuri. Yeye juu, mimi chini, bati kati yetu. Nikifika Kilwa nitalala kwenye kiti changu masaa mawili, yeye atapumzika kwa wanawake wenzake, na heshima ya kila mtu itabaki mahali pake.

Kilwa askari walisimama katikati ya njia.

"Bantu ba juu bashuke. Tangu leo hakuna muntu juu ya mizigo. Ni ordre."

Wale wafanyabiashara wawili walisema watangoja Kilwa mpaka amri ibadilike. Mama mkwe alishuka pole pole na mguu wake mbaya, akasimama nyuma ya lori ili nisimwone.

"Na huyu mama?" askari akaniuliza.

"Ni mama ya bibi yangu."

Askari alikuwa mtu wa ziwani mwenyewe. Alielewa mara moja, akatazama kibanda cha lori, kiti kimoja kirefu, akapiga ulimi.

"Pole, ndugu. Lakini ordre ni ordre. Aingie ndani ao abakie."

Kubaki hakuwezekana, Elena alikuwa anangoja. Mama mkwe aliingia. Alijibana kwenye mlango wa upande wake, akafunika kichwa kwa kitenge cha kijani, akageuzia uso dirishani, kuku mapajani. Mimi nikajibana kwenye mlango wangu. Kati yetu pangeweza kukaa watu wawili wanene.

Halafu hawakutufungulia. Walisema tungoje, na kwamba asitoke mtu garini. Usiku wa Ijumaa wote tulikaa hivyo, mimi na yeye na kuku. Kuku alilala.

Kilwa hadi kichuguu

Jumamosi alfajiri kizuizi kilifunguliwa. Sikuwa na jinsi ya kusimama nikalala. Nitalala wapi? Nikishuka nikalala chini ya lori, atauliza kwa nini mume wa binti yake anajificha chini ya magurudumu. Nikilala kwenye kiti ni vibaya zaidi. Nilijiambia mwanaume anavumilia. Nimevumilia siku saba, ya nane itanishinda nini.

Baada ya muda mrefu nilisikia sauti ndogo dirishani.

"Weye kamiyo, tutafika leo?"

Ilichukua muda kujua kwamba ni mimi ninayeulizwa kupitia lori. Nikajibu nikitazama usukani.

"Kamiyo iko inasema tutafika leo, mbele ya saa ya kufunga njia."

Maana njia ya kuingia mjini ilikuwa inafungwa saa kumi na mbili jioni, na anayechelewa analala porini.

"Asanti, kamiyo," akasema.

Nataka kuwaeleza jinsi inavyokuwa, kwa sababu wengi wenu mnaendesha, na najua mnajidanganya kama nilivyojidanganya mimi. Usingizi hauji mara moja na kukwambia nimefika. Kwanza unakuwa mzito wa mkono. Nilitafuta gia ya tatu nikaipata ya kwanza, lori likalia. Kisha macho yanatazama na kichwa hakipokei. Niliona mbuzi njiani, nikajua ni mbuzi, nikajua inabidi kukanyaga breki, na mguu ukachukua wakati wake kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda. Mbuzi alijiokoa mwenyewe. Kisha unakuwa na kiburi. Ndiyo, kiburi. Nilijiona naendesha vizuri kuliko siku zote.

Tukapita Kasomeno. Jua likawa juu ya vichwa. Mwezi huu wa kumi mnaujua, kabla ya mvua, hewa imesimama na kibanda cha lori kinanuka samaki na petroli. Kichwa changu kilianguka mara ya kwanza, nikakiinua. Kikaanguka tena. Pembeni nilisikia mama mkwe anakohoa, kikohozi kikavu cha makusudi, na kila kichwa kilipoanguka yeye alikohoa. Nilidhani vumbi linamsumbua. Nikafunga dirisha langu nimsitiri, joto likazidi.

Karibu saa nane mchana nilimwona Petro.

Alikuwa amesimama katikati ya njia na kofia yake ya zamani, yule Petro tuliyemzika Jumapili. Hakunitisha. Aliinua mkono akanionyesha kushoto, kama anavyofanya dereva anayekwambia daraja limevunjika. Nikamshukuru, nikakata kushoto.

Kitu kikanipiga usoni. Kilikuwa na kucha na mabawa na kelele. Nikafumbua macho ndani ya manyoya mekundu, nikaona miti inakuja, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lori likaruka, likayumba, likapiga kichuguu kile kikubwa, vile vichuguu vyetu vinavyopita nyumba kwa urefu, na likasimama hapo pua yake ndani ya udongo.

Mama mkwe alikuwa amenirushia kuku. Asingeweza kunigusa kwa mkono wake, hata ndani ya kifo. Alichukua kilichokuwa mapajani akanirushia.

Kwenye kichuguu

Kuku alitoka dirishani, akaingia porini, hatukumwona tena. Hakuna aliyeumia. Nilishuka nikazunguka kichuguu. Nyuma yake, hatua kama kumi, ardhi ilikatika na kushuka kwenye korongo la mawe. Nilirudi nikakaa chini, nikaona aibu, nikalia. Sioni sababu ya kulificha.

Mama mkwe alishuka upande wake. Kwanza alichechemea haraka kwenda nyuma ya vichaka, akakaa huko kitambo. Aliporudi, aliketi upande wa pili wa lori, mgongo kwangu, gurudumu katikati.

"Kamiyo," akasema, "ulilala lini?"

Nikahesabu. Nikahesabu tena.

"Kamiyo haikulala muzuri tangu kilio ya Petro."

"Ile iko siku ngapi?"

"Siku munane, na leo."

Kisha sauti yake ikapanda, na kwa mara ya kwanza nikajua Elena alitoa wapi hasira yake.

"Niliona kichwa yako inaanguka tangu asubui! Nilikohoa mpaka koo ikaniuma! Sababu ya nini haukusimama?"

"Kamiyo ilikuwa na haya," nikasema. "Hailali mbele ya mama."

Nilifikiri nimemuudhi. Halafu nikasikia kitu, na nilipoinama kutazama chini ya lori niliona miguu yake inatikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio.

"Na miye," akasema, "sikulala tangu Kilwa, kwa sababu ya kamiyo. Nilisema huyu mukwe yangu iko na nguvu, miye nikilala mbele yake atanizarau. Tangu asubui nataka kwenda ku pori, nakosa vile ya kusema. Nilikuwa nawaza, anakimbia hivi sababu anataka kunishusha mbio."

Basi tuoneni, rafiki zangu. Watu wazima wawili, kila mmoja anakufa kwa usingizi, kila mmoja anamheshimu mwenzake, na heshima hiyo nusura ituweke wote wawili kwenye korongo.

Nilisimama. Nilisema tuondoke. Redieta haikutoboka, lori lingeweza kurudi barabarani, na bado tulikuwa na saa nne kabla njia haijafungwa. Ningefika. Nilijua ningefika.

"Elena iko anangojea," nikaliambia lori.

"Najua. Ni mutoto yangu. Namusikia hapa." Sikumwona alipojigusa. "Lakini anangojea mama muzima na bwana muzima. Hatuendi. Tutalala."

"Wapi?"

Alipanda garini, nikasikia anahangaika. Nilipochungulia, alikuwa amefungua kile kitenge cha kijani, amekitundika katikati ya kibanda, pembe moja kwenye mpini wa dirisha la nyuma, nyingine kwenye kioo cha dereva.

"Kama hatuonane," sauti ikasema nyuma ya kitambaa, "kila muntu iko kwake."

Nilipanda upande wangu. Nilikuwa bado nabishana moyoni, nahesabu saa, naona uso wa Elena mlangoni. Nilifika kwenye saa ya pili ya hesabu yangu. Sijui zaidi.

Kilichofuata ndicho alichokiona Kasongo. Aligonga bati na nilipofumbua macho jua lilikuwa limeanza kuinama. Kitenge kilikuwa kimeanguka. Mama mkwe alikuwa amelala kwake, mimi kwangu, vinywa wazi sote. Kasongo alikuwa dirishani, meno yote nje.

Alipomaliza kucheka alisema jambo la maana. Lori lake lilikuwa jepesi, na angefika mjini kabla ya saa ya kufunga. Mama anaweza kupanda kwake.

Nilisema aende. Nililiambia lori, nikamwambia na Kasongo, nikasema kwa sauti ili asikie vizuri. Binti yake alikuwa anamhitaji yeye, si mimi. Alishuka, akachukua kikapu chake, akachechemea mpaka kwenye lori la Kasongo. Kasongo hakuwa mkwe wake, kwa hiyo alimtazama usoni.

"Mutoto, macho yako iko nyekundu. Ulilala lini?"

Kasongo akatema ganda la pilipili, akacheka.

"Mama, dereva halalake!"

Mama mkwe alisimama pale na mkono kwenye mlango. Najua alikuwa anafikiri nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hilohilo. Kisha akarudi. Akapanda, akatundika kitenge upya, safari hii akakifunga mafundo mawili.

Kasongo alifika salama. Siwezi kumwangusha njiani ili hadithi yangu ipendeze. Alifika kabla ya saa kumi na mbili, akala, akatoka nje kuwaambia watu alichokiona.

Kichuguu hadi nyumbani

Tulilala mpaka Jumapili, baridi ya alfajiri ilipotuamsha. Niliwasha lori. Sijui niwaeleze vipi. Barabara ilikuwa ileile, lakini sasa nilikuwa naiona. Mguu ulikwenda nilipoutuma. Niliona kila shimo kabla halijanifikia. Niliona daraja la mbao, nikahesabu mbao zake. Sikuwa shujaa, nilikuwa mtu aliyelala tu, na nilistaajabu kwamba kitu hicho ndicho nilichokuwa nakikataa wiki nzima. Furaha yenyewe sikuwa nayo. Kila kilomita nilijua tumechelewa.

Tulipoingia uani kwetu, jua lilikuwa limetoka vizuri, na ua ulikuwa umejaa wanawake. Wanawake wengi uani asubuhi, mnajua kwa kawaida ni kilio.

Mke wa Kasongo alitoka mlangoni akiwa amekunja mikono ya blauzi.

"Ni mwanamuke," akasema. "Iko muzima. Alizaliwa mbele jua kutoka."

Baadaye nilielewa. Kasongo alipomsimulia mkewe, mkewe hakuweza kungoja asubuhi. Alichukua rafiki zake wawili wakaja haraka kwa Elena kumwambia mumewe amelala na mama mkwe ndani ya gari, ili waone atafanya uso gani. Walimkuta amepiga magoti sakafuni, ameng'ata kitambaa, peke yake. Kicheko kikawaishia mlangoni. Wakavua vilemba wakafanya kazi mpaka alfajiri.

Niliingia nyuma ya mama mkwe. Elena alikuwa amegeukia ukuta.

"Kasongo alifika," akasema bila kugeuka. "Alitoka ile njia moja, alifika. Mweye mulikuwa wapi? Nilikuita, mama, usiku muzima."

Nilikuwa nimeahidi mlangoni palepale. Mpaka leo naandika haya, sauti yake ile bado inanichoma, na inanichoma kwa haki.

Mama mkwe alisema kwa sauti ya kusikiwa na ua mzima.

"Tulikuwa tunalala. Ni miye nilisema tulale. Bwana yako alitaka kuja, miye nikamukatalia. Kama iko kosa, ni ya miye. Ulilia usiku moja juu ya mama kukawia, mwana wangu. Nilikataa ulie usiku yote ile ingine."

Alikaa kitandani, akamshika Elena miguu kama anavyoshikwa mtoto. Baada ya muda Elena aligeuka, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia kwa nguvu, na wanawake mlangoni wakatazama pembeni.

Mtoto amepewa jina la bibi yake, kwa hiyo ninyi mnaweza kumwita na mimi bado nashindwa. Mama mkwe ndiye aliyemchukua na kunijia naye. Alisimama mbele yangu. Nikatafuta kitu cha kutazama, mlango, sufuria, chochote cha kuwekwa katikati. Hapakuwa na kitu. Aliniwekea mtoto mikononi, vidole vyake vikagusa vyangu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niwe mume wa binti yake. Macho yake ni ya Elena.

"Baba ya mutoto," akasema, bila lori, bila mbuzi, "bado uko nachoka. Lala. Miye nitaangaria."

Alitandika mkeka pale pale, miguuni pake. Nikalala na mtoto kifuani, mchana, mlango wazi, wanawake wa mtaa mzima wanapita na maji. Kitenge kilikuwa kiunoni kwake na hakuna aliyekitundika.

Kwa hiyo ndiyo, nililala mbele ya mama mkwe wangu. Nililala mara mbili, njiani na nyumbani. Kasongo aliona ile ya kwanza tu.